Delta au Bawa Nyoofu Jembamba? Ulinganisho wa Njia za Kupunguza Ukinzani kwa Ndege Zinazoipita Sauti

Anayechora ndege ndogo ya abiria ya kuruka kwa kasi kuliko sauti hufikia mapema uamuzi ambao hauwezi kubadilishwa baadaye bila kuanza kazi upya, nao ni umbo la bawa. Mbele yake kuna njia nne ambazo zimejaribiwa angani kwa viwango tofauti. Ya kwanza ni bawa la delta, yaani la pembetatu, ambalo hewa huachwa ivurugike juu yake, kama lilivyokuwa la Concorde, ndege ya abiria iliyoipita sauti. Ya pili ni bawa fupi, jembamba, lisilolala sana nyuma, ambalo umbo lake pekee huifanya hewa iteleze kwa utulivu bila msaada wa mashine. Ya tatu ni bawa la mshazari mkali, yaani linalolala sana nyuma, lililofinyangwa kwa hesabu ili lipate walau sehemu ya utulivu huo. Ya nne ni bawa lenye matundu madogo yanayofyonza hewa ya karibu na ngozi yake. Ulinganisho huu unakusudiwa kwa mtu anayetaka kuchagua akijua anachokipata na anachokilipia, na unachukua mfano wa ndege ya watu wachache yenye kasi kati ya Mach 1.4 na Mach 2 (Mach 1 ni kasi ya sauti yenyewe).

Ni vyema kuanza na ukubwa wa kinachotafutwa. Ndege inayoipita sauti hupambana na ukinzani wa aina tatu kwa wakati mmoja: ule wa msuguano wa hewa kwenye ngozi, ule wa mawimbi ya mshtuko unaotokana na unene wa ndege, na ule unaozaliwa na kani yenyewe ya kunyanyua. Kwa makadirio ya jumla kila aina huchukua kama theluthi moja, kwa hiyo msuguano si jambo dogo. Tuchukue bawa lenye upana wa mita 5 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, likisafiri kwa Mach 1.6 katika kimo cha kilomita 15. Namba ya Reynolds ya bawa hilo, ambayo kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo hewa inavyoelekea zaidi kuvurugika, ni takribani milioni 32. Tukitumia fomula za kawaida za bati bapa, bila kuingiza athari za kugandamizwa kwa hewa, kizidishi cha msuguano, yaani namba inayopima ukubwa wake, kwa mtiririko tulivu ni kama 0.00024, ilhali cha mtiririko wa msukosuko ni kama 0.0025. Tofauti ni mara kumi. Hakuna badiliko lingine la bawa, liwe la maunzi au la rangi, linaloahidi punguzo la kiasi hicho kwenye eneo lile lile la ngozi, na ndiyo sababu wahandisi wameendelea kulirudia wazo hili hata baada ya kukatishwa tamaa mara nyingi.

Hata hivyo, hewa haibaki tulivu kwa sababu tunataka iwe hivyo. Ndani ya tabaka jembamba linalogusa ngozi, ambalo nusu mita nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa letu lina unene wa kama milimita moja na nusu tu, mitetemo midogo hukua hadi kuvunja mpangilio wote. Mitetemo hiyo ni ya namna kuu mbili. Kuna mawimbi ya Tollmien na Schlichting, yanayosafiri na mkondo kutoka mbele kwenda nyuma, na kuna vizingia vya mtiririko wa kukatiza, vinavyotokea pale bawa linapolala mshazari na hewa ya polepole iliyo karibu na ngozi ikavutwa upande. Tofauti hii ndiyo kiini cha ulinganisho wote, kwa kuwa dawa ya kwanza ni sumu ya pili. Mawimbi ya Tollmien na Schlichting hutulizwa pale kanieneo inapopungua taratibu kuelekea nyuma, yaani hewa inapoendelea kuongeza kasi. Lakini juu ya bawa la mshazari, kushuka huko huko kwa kanieneo ndiko kunakoivuta hewa ya ngozi kando na kuvilisha vizingia vya kukatiza.

Bawa nyoofu jembamba

Katika kasi iliyo chini ya sauti, bawa lolote linalopata mtiririko tulivu lazima mahali fulani liirudishe kanieneo juu kabla ya ukingo wa nyuma, na hapo ndipo utulivu unapokwisha. Juu ya kasi ya sauti sheria ni nyingine. Kama nadharia ya Jakob Ackeret wa Uswisi ilivyoonyesha mwaka 1925, kanieneo kwenye bawa jembamba hutegemea tu mwinamo wa uso mahali hewa ilipo, kwa hiyo uso uliobinuka kidogo kama upinde huifanya hewa itanuke na kuongeza kasi njia nzima, na kanieneo hurudi kwa mkupuo mmoja kupitia wimbi la mshtuko kwenye ukingo wa nyuma kabisa. Hii ni zawadi ya kweli ya fizikia: bawa lenye pinde mbili, lenye ncha kali mbele na nyuma, lina mwelekeo mwema wa kanieneo karibu kwenye upana wake wote bila ufundi wowote wa ziada. Likiwa na mshazari mdogo, mtiririko wa kukatiza huwa hafifu. Na kwa kuwa ukingo wake wa mbele ni mkali, hakuna nafasi kubwa ya msukosuko unaotoka kwenye kiwiliwili cha ndege kutambaa kando ya ukingo huo na kulichafua bawa zima, tatizo ambalo huyasumbua mabawa ya mshazari yenye kingo za mviringo.

Aliyeishikilia hoja hii kwa muda mrefu zaidi ni mhandisi Richard Tracy wa Marekani, ambaye mawazo yake yalikuwa msingi wa kampuni ya Aerion ya Reno, Nevada. Vipande vya bawa la aina hiyo vilifungwa chini ya tumbo la ndege ya utafiti ya NASA, shirika la anga la Marekani, iitwayo F-15B, katika majaribio ya mwaka 1999 na baadaye mwaka 2010 na 2013. Namna ya kupima ilikuwa ya kupendeza. Mahali penye msukosuko ngozi hupata joto zaidi kidogo kuliko penye utulivu, na kwa Mach 2 tofauti ya kinadharia ni kama nyuzijoto 8, kwa hiyo kamera inayoona joto iliweza kuonyesha mstari ambapo utulivu ulikoma. Majaribio yalionyesha kwamba mtiririko tulivu unaweza kudumu sehemu kubwa ya upana wa bawa katika hewa halisi ya angani, si kwenye handaki la upepo peke yake. Kwa hoja ya aerodinamiki, jambo hili halina tena haja ya kubishaniwa.

Gharama yake iko kwenye unene. Ukinzani wa mawimbi wa bawa nyoofu hukua kwa mraba wa unene, na hesabu rahisi inaonyesha ukali wa sharti hilo. Kwa Mach 1.6, bawa la pinde mbili lenye unene wa asilimia 2 ya upana wake lina kizidishi cha ukinzani wa mawimbi cha takribani 0.0017. Kwa asilimia 3 kinafika 0.0038, na kwa asilimia 4 kinafika 0.0068. Sasa tuseme tumefaulu kuweka mtiririko tulivu kwenye asilimia 60 ya upana, juu na chini. Akiba ya msuguano ni takribani 0.0025. Maana yake ni kwamba mhandisi wa muundo akiomba unene uongezwe kutoka asilimia 3 hadi 4 ili bawa liwe imara, ombi hilo moja linakula akiba yote. Ningependa kila anayevutiwa na njia hii aikumbuke hesabu hiyo kabla ya kusoma ahadi nyingine yoyote.

Wembamba huo si wa kubuni. F-104 Starfighter, ndege ya kivita ya Lockheed iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1954, ilikuwa na bawa la unene wa asilimia 3.36 na ukingo mkali kiasi kwamba mafundi waliufunika ndege ikiwa chini ili usimjeruhi mtu. Lilikuwa bawa linalowezekana kutengenezwa, lakini halikuwa na nafasi ya matangi ya mafuta wala ya magurudumu, na vyote viwili viliwekwa kwenye kiwiliwili. Upana wa mita 5 kwa asilimia 3 ni sentimita 15 pale panapozidi. Ndani ya sentimita hizo lazima ipatikane nguvu ya kuzuia bawa lisipinde na lisitikisike kwa mtetemo wa hatari, na hapo nyuzi za kaboni zinasaidia sana, kwa kuwa huleta ukakamavu kwa uzito mdogo na vilevile ngozi laini isiyo na misumari.

Delta, na delta iliyofinyangwa

Bawa la delta hujibu swali kwa kulikwepa. Ukingo wa mbele ukilala nyuma ya koni ya Mach, yaani umbo la koni linalofanywa na mawimbi yanayoanzia puani mwa ndege, hewa inayoukabili kwa pembe mraba huwa bado chini ya kasi ya sauti, na ukinzani wa mawimbi hupungua. Kwa Mach 1.4 mshazari unaohitajika unazidi kidogo nyuzi 44, kwa Mach 1.6 ni nyuzi 51, na kwa Mach 2 ni nyuzi 60. Pamoja na hilo, delta ina mzizi mrefu, kwa hiyo hata unene mdogo kwa asilimia huwa mkubwa kwa kipimo. Mzizi wa bawa la Concorde ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 27, na asilimia 3 ya hapo ni karibu sentimita 80. Ndani ya nafasi hiyo ndimo sehemu kubwa ya mafuta yake ya takribani tani 95 ilimokaa. Mwenye bawa nyoofu hana kitu cha kulinganisha na hicho.

Urefu huo huo, hata hivyo, unaifungia delta mlango wa mtiririko tulivu. Katika kimo cha kilomita 17 na kasi ya Mach 2, namba ya Reynolds kwenye mzizi wa mita 27 inafika kama milioni 160, na hakuna umbo la asili linaloweza kushikilia utulivu umbali huo. Concorde iliruka miaka 27 ya huduma, kuanzia 1976 hadi 2003, ikilipa gharama kamili ya msuguano. Overture, ndege ya abiria ya kampuni ya Boom ya Marekani, inayokusudiwa kufikia Mach 1.7 na ambayo ndege yake ya majaribio XB-1 ilivuka kasi ya sauti tarehe 28 Januari 2025, nayo imejengwa kwa msingi wa mawazo ya delta. Kwa ndege ya ukubwa huo naona uchaguzi huo ni wa busara.

Kati ya bawa nyoofu na delta liko jaribio la Japani ambalo halizungumzwi kadiri linavyostahili. Ndege isiyo na rubani NEXST-1, yenye urefu wa mita 11.5, ilirushwa kwa roketi kutoka Woomera, Australia. Jaribio la Julai 2002 liliishia kwa ajali mara baada ya kuruka. Tarehe 10 Oktoba 2005 ilifaulu kuruka kwa takribani Mach 2 katika kimo cha kilomita 18. Bawa lake lilikuwa la mshazari wa zaidi ya nyuzi 60, yaani aina ambayo mtiririko wa kukatiza huiharibu haraka. Wabunifu hawakuanza na umbo. Walianza na mgawanyo wa kanieneo walioutaka, kisha wakaiachia kompyuta itafute umbo linalouzalisha. Mgawanyo huo uliifanya kanieneo ishuke ghafla kwenye ukingo wa mbele kabisa, mahali ambapo tabaka bado ni jembamba mno kwa vizingia kukua, kisha ukakaa karibu bapa hadi nyuma, ili hewa isivutwe tena upande. Jaribio lilithibitisha kwamba mbinu hiyo huchelewesha msukosuko angani kama ilivyotarajiwa.

Kwa ndege ndogo ya Mach 1.8 hadi 2, hii ndiyo njia ambayo ningeipendekeza ichunguzwe kwanza, kwa sababu haimlazimishi mbunifu kuiacha faida ya mshazari. Lakini ina udhaifu unaopaswa kutajwa wazi: mgawanyo wa namna hiyo hupatikana karibu na hali moja tu ya safari. Pembe ya ndege ikibadilika kwa sehemu ya nyuzi kwa sababu mafuta yamepungua, ukingo wa mbele hauupati tena mshuko uliokusudiwa. Bawa nyoofu lina uvumilivu mkubwa zaidi katika hili, kwa vile mwelekeo wake mwema wa kanieneo unatokana na mbinuko wa uso mzima.

Kufyonza

Njia ya nne ilijaribiwa na NASA kwa ndege ya F-16XL yenye viti viwili, kati ya mwaka 1995 na 1996. Juu ya bawa la kushoto, ambalo ndani lilikuwa na mshazari wa nyuzi 70, liliwekwa bamba la titani lenye zaidi ya matundu milioni 10 yaliyotobolewa kwa leza, na pampu ikafyonza sehemu ndogo ya hewa ya karibu na ngozi. Utulivu ulifika takribani asilimia 46 ya upana katika Mach 2, matokeo makubwa kwa mshazari mkali kiasi hicho. Vilevile ilibidi kiwekwe kizuizi cha kuzuia wimbi la mshtuko la mdomo wa injini lisilipige bawa, funzo linalohusu njia zote nne: wimbi lolote kutoka kwenye kioo cha rubani, injini au kiwiliwili likivuka juu ya bawa, huweza kuuvunja utulivu hapo hapo.

Kwa ndege ndogo siipendekezi. Pampu, mifereji na uzito wake havipungui kwa uwiano ule ule ndege inapopungua, na matundu lazima yabaki wazi kwa miaka ya huduma. Kwa ndege ya abiria mia mbili hesabu inaweza kuwa nyingine.

Yanayoamua nje ya hesabu ya ukinzani

Mambo mawili huugeuza uchaguzi zaidi ya kizidishi chochote. La kwanza ni mahali ndege itakaporuka. Tangu mwaka 1973 Marekani ilizuia ndege za kiraia kuipita sauti juu ya nchi kavu, na kwa sharti hilo ndege ya kibiashara ingetumia saa nyingi ikiwa chini kidogo ya kasi ya sauti. Hapo bawa nyoofu hushinda waziwazi, kwa kuwa lina kani nzuri ya kunyanyua kwa pembe ndogo, hukubali vibao vya kusaidia kutua kwenye ukingo wake wote wa nyuma, na hutua bila kuinua pua juu sana. Concorde ilitua ikiwa imeinua pua kiasi kwamba ilibidi pua yenyewe ishushwe ili marubani waone njia. Lakini mnamo Juni 2025 rais wa Marekani alitoa agizo la kutaka katazo hilo liondolewe. Likiondoka kikamilifu, muda wa safari chini ya kasi ya sauti utapungua, na faida hiyo ya bawa nyoofu itapungua nayo. Pia kishindo, yaani mlio wa mawimbi ya mshtuko unaosikika ardhini, kitakuwa ndilo sharti kuu, na umbo refu lenye kani ya kunyanyua iliyosambazwa taratibu, kama la ndege ya majaribio X-59 ya NASA iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 2025, halielewani vizuri na bawa fupi linalobeba uzito wote mahali pamoja.

La pili ni kile kilichoipata Aerion yenyewe. Ndege yake ya kwanza ilichorwa kwa ajili ya Mach 1.6, na AS2 iliyofuata ikalenga Mach 1.4, zote zikiwa na bawa nyoofu la mtiririko tulivu. Mwaka 2020 mchoro mpya wa AS2 ulionekana ukiwa na bawa la jamii ya delta, na Mei 2021 kampuni ilifunga kazi kwa kukosa fedha. Wapo wanaolitumia tukio hili kama ushahidi kwamba wazo lilishindwa. Mimi sikubaliani nao, kwa maana vipimo vya F-15B havibadilishwi na uamuzi wa kampuni. Ninachokiona ni kwamba ndege nzima huhitaji nafasi ya mafuta, ukimya wa kishindo, kiwiliwili kinachoelewana na bawa na injini inayopatikana, na bawa lenye msuguano mdogo kuliko yote linaweza kushindwa kwenye jumla hiyo.

Kwa hiyo, kwa ndege ya watu wanane hadi kumi na wawili, kasi ya Mach 1.4 hadi 1.6, itakayotumia sehemu kubwa ya muda wake chini ya kasi ya sauti, ningechagua bawa nyoofu la pinde mbili lenye unene usiozidi asilimia 3, mafuta yakiwekwa kwenye kiwiliwili. Kwa Mach 1.8 na kuendelea, ningechagua bawa la mshazari lililofinyangwa kwa njia ya Japani, nikihesabu utulivu kwenye sehemu ya nje ya bawa tu, ambako upana ni mdogo. Kwa ndege inayozidi abiria hamsini ningekubali msukosuko, nikaelekeza juhudi kwenye mawimbi na uzito.

Katika hali zote mbili za mwanzo, mafuta ya akiba yahesabiwe kana kwamba bawa zima limevurugika. Wadudu wanaogonga ukingo wa mbele wakati wa kupaa, barafu, mkwaruzo wa ngazi ya fundi au kiungo cha vibao kisicholingana kwa sehemu ya milimita vinatosha kuuondoa utulivu kwa safari nzima, na tabaka la milimita moja na nusu halisamehe. Ikiwa ndege haiwezi kuvuka Atlantiki kwa usalama ikiwa na msukosuko bawa zima, hata kwa kupunguza kasi hadi chini ya sauti, basi utulivu umegeuka kutoka faida ya uchumi na kuwa sharti la usalama, na mamlaka ya kutoa cheti cha kuruka itakuwa na kila haki ya kuukataa mchoro huo.